Rika la Mzee Wako

Msinichekeshe, nyinyi. Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, binti wa jirani yangu hapa Kitengela alikuja kuniaga. Anaenda Dubai, kazi ya hoteli, ndege ni Jumanne. Nikamwambia lete pasipoti nione. Sikuwa na ubaya, ni vile mkono umezoea. Nikafungua, nikatazama tarehe. Woi! Pasipoti imebakisha miezi minne, na mtoto anataka kupanda ndege! Nikamuuliza, "Ni nani alikuambia utafika mahali na hii?" Akanijibu, "Anti tulia, si bado haijaisha?" Niliketi kwenye ngazi nikashika kichwa.

Nchi nyingi zinataka miezi sita, wapendwa. Miezi sita mbele, kuanzia siku unayoingia kwao. Simu zenu zinajua kila kitu, na hiyo hamjui? Msichana alimpigia wakala wake, wakala naye akashtuka, tiketi ikasukumwa mbele. Ndiyo sababu nimeketi kuandika. Nawaona mnajaza fomu kwa kidole gumba mkitembea barabarani, mkidhani kazi ya makaratasi iliisha siku taipureta ilipotupwa. Haikuisha. Na kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya halikutoka kwa taipureta.

Mimi ni Nafula, wa hapa wananiita Mama Simiyu. Nilitoka Bungoma nikiwa msichana, nikaja kutafuta kazi Kajiado, na miaka ya tisini na elfu mbili yote ikaniishia kwenye makaratasi ya watu. Sehemu kubwa nilikuwa kwa Mzee Mutiso. Huyo alikuwa Mkamba mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la chakula cha mifugo hapa Kitengela. Tulikuwa na taipureta mbili, kamera moja, na shuka nyeupe iliyopigiliwa misumari ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Ukiingia ulinukia pumba ya ng'ombe hadi jioni. Lakini watu walitoka hapo wakaenda Marekani, wakaenda Uingereza, wakaenda Saudia, na makaratasi yao yalinukia pumba pia.

Mzee Mutiso alinifundisha kitu kimoja ambacho ningependa mkishike hata mkisahau jina langu. Alikuwa anapanga karatasi zote za msafiri mezani, moja kando ya nyingine: kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwaliko, kadi ya sindano. Kisha anashika jina na kulifuata kwa kidole kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Akimaliza anashika tarehe, anaifuata vile vile. "Karatasi moja ikiwa peke yake ni mtu mpole," alikuwa anasema. "Ziweke mbili ndio uone zinavyosengenyana." Mteja akiwa na haraka alimwambia aende anywe chai kwanza. Wengine walikasirika wakaenda kwa wachapaji wa Ngong, halafu wakarudi baada ya wiki mbili wakiwa wapole.

Mambo niliyoyaona pale! Kuna mama mmoja kutoka Kona Baridi aliyeleta pasipoti iwekwe viza, nikaifungua nikakuta dirisha. Dirisha kabisa, unaona mpaka upande wa pili. Alikuwa ameikata picha yake na wembe akaitia kwenye fremu sebuleni, kwa sababu, aliniambia, hakuwahi kupigwa picha nyingine akatokea vizuri hivyo. "Si jina bado liko?" akaniuliza. Mzee Mutiso aliinuka akatoka nje. Nilisikia akicheka huko nyuma kwenye magunia kama mtu anayelia.

Na kuna pasta. Huyu sitamsahau. Alikuwa anaenda mkutano Afrika Kusini, na nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba sindano ya homa ya manjano inadungwa siku kumi kabla. Mwili unahitaji hizo siku, na kadi haihesabiki kabla hazijatimia. Yeye akasema Mungu atasimamia. Alidungwa Alhamisi, akasafiri Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi nikamwona amesimama mlangoni petu na suti yake nyeupe na begi. Nilidhani nimeona mzimu! Walimgeuza hapo hapo uwanjani, hata chai ya wenyewe hakuonja. "Wamesoma tarehe, Mama Simiyu," aliniambia. "Wameisoma kweli." Tangu siku hiyo nikiona mtu anaingia na habari ya safari, kabla sijamsalimia namuuliza kama amedungwa.

Sasa niwaambie ya Naipanoi.

Alikuja mwaka ambao Mzee Mutiso alikuwa amelala nyumbani kwao Machakos, miguu imemvimba, na ofisi ameniachia. Naipanoi alikuwa mama wa Kimaasai kutoka upande wa Rombo, kule karibu na mpaka. Mume wake alikuwa amekufa, na yeye akaja kukaa kwa kaka yake hapa Kitengela, askari wa lango kwenye kiwanda, ili awe karibu na hospitali. Alikuwa na msichana wa miaka minane, Nasieku. Mtoto alikuwa na tundu kwenye moyo. Akitembea kutoka barabarani hadi kwenye mlango wetu alisimama mara mbili kupumua, na kucha zake zilikuwa na rangi ya wino. Kanisa lilikuwa limechanga, hospitali huko India ikakubali kumpasua na kutoa tarehe, na daktari wa Nairobi alikuwa amemwambia mama waziwazi: hiyo tarehe ikipita, sijui kama kutakuwa na nyingine.

Nilifanya kazi kama ninavyojua. Siku ya kwanza niliwatuma wakadungwe wote wawili. Nikakusanya cheti cha kifo cha baba, maana mtoto akitoka nchini na mzazi mmoja wataulizia wa pili. Nikachapa fomu za pasipoti, pasipoti zikatoka. Nikachapa fomu za viza. Nikamfundisha Naipanoi ajibu anachoulizwa tu, asiongeze hadithi. Siku ya ubalozi niliwasindikiza mpaka langoni, nikanunua karanga, nikangoja.

Walitoka baada ya nusu saa. Naipanoi alikuwa ameshika mtoto mkono na mkono mwingine ameshika karatasi, na uso wake ulikuwa hauna kitu.

"Wamesema mimi si mama yake," akaniambia.

"Ati nini?"

"Wamesema mimi ni mzee sana. Wameuliza nimetoa huyu mtoto wapi."

Nilinyakua ile karatasi. Nikanyakua kitambulisho chake, pasipoti, cheti cha mtoto. Nikaviweka juu ya ukuta mfupi pale nje, kimoja kando ya kingine, jinsi nilivyofundishwa na jinsi ambavyo safari hii sikufanya kwa sababu mwenye ofisi hakuwepo kunisimamia. Haki ya Mungu! Kitambulisho kilisema Naipanoi amezaliwa mwaka wa arobaini na tano. Kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa hesabu hiyo alimzaa Nasieku akiwa na miaka hamsini na moja! Na mimi, kwa vidole vyangu hivi, nilikuwa nimechapa mwaka wa mama na mwaka wa mtoto kwenye ukurasa mmoja, mistari mitatu katikati, na sikuona. Nilimtazama Naipanoi. Alikuwa na miaka kama thelathini na nne, yangu mimi kabisa. Hakuwa na mvi hata moja.

Tulirudi Kitengela. Ofisini nikampa mtoto soda na kiti, nikamwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, hii miaka ni nani alikupatia?"

"Karani," akasema. "Mimi miaka sijui. Walikuja kwetu kuandika watu vitambulisho. Waliweka meza kwenye josho, pale tunaogesha ng'ombe. Wanaume meza yao, wanawake meza yao. Karani akaniuliza, rika gani la mzee wako? Nikamwambia Iseuri. Akaandika."

"Lakini Iseuri ni wazee!"

"Mzee wangu alikuwa mzee. Mimi nilikuwa bibi wa tatu." Alinitazama kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Mwanamke hana rika lake, mama. Ukiniuliza rika, nitakupatia la mwenye boma. Hakuuliza mimi nimezaliwa lini. Hata kichwa hakuinua."

Jameni. Jameni, vijana wangu.

Kabla sijaja kwa Mzee Mutiso nilikuwa kibarua wa kuandika watu. Tulikuwa timu ndogo tukizunguka Kajiado yote na lori, makarani wawili tu, mmoja meza ya wanaume, mmoja meza ya wanawake. Na kwenye josho la upande wa Rombo, meza ya wanawake ilikuwa yangu.

Mnielewe jinsi tulivyofanya kazi. Watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini Mmaasai anajua rika lake, wale waliotahiriwa pamoja, vile wewe unavyojua jina lako, kwa hivyo mkubwa wetu mmoja alitupatia karatasi, tukaibandika mezani kwa gundi: rika hili, andika mwaka huu, rika lile, andika mwaka ule. Iseuri, arobaini na tano. Kwa wanaume ilifanya kazi vizuri kabisa. Kwa wanawake mtu alisema waulize rika la wazee wao, na mimi msichana wa Bungoma ningejuaje? Kwetu nilifikiri mtu na bibi yake wanapishana miaka miwili mitatu. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, kupe wanapanda miguuni. Niliuliza, nikatazama ile karatasi, nikaandika. Picha alipiga mwenzetu kwenye hema lingine. Kwa hivyo msichana wa miaka ishirini na tano alisimama mbele yangu, na mimi nikamwandika miaka hamsini, na kalamu haikutetemeka.

Sikumwambia mara moja. Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia kuna njia nyingine, pengine shangazi wa mtoto aende naye, pengine kaka. Nikatengeneza chai, nikaweka sukari mara mbili. Nasieku alikuwa amelala kwenye kiti huku mdomo wazi, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka. Nikaweka kikombe chini.

"Yeyo," nikasema, "huyo karani ni mimi."

Naipanoi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya shuka. "Kumbe ni wewe ulinizeesha! Ndiyo maana magoti yananiuma!" Na mimi mjinga nikacheka pia. Kisha akaacha, ghafla tu, akaninyooshea kitambulisho.

"Wewe ulinipeleka huko," akasema. "Nirudishe."

Tulikuwa na siku kumi na nane kabla ya tarehe ya hospitali. Kubadilisha mwaka kwenye kitambulisho kwa miaka hiyo kulikuwa ni miezi, wakati mwingine mwaka mzima, na bila kitambulisho pasipoti haiguswi. Nilipanda basi nikaenda Machakos kumwona Mzee Mutiso. Alikuwa kitandani, miguu juu ya mito. Nikamweleza yote. Nilingoja anitukane. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Aiya," akasema. "Nafula! Hamsini na moja na wewe umechapa?"

"Nimechapa, mzee."

"Mtu anayeona mama na mtoto kila siku! Aiya!" Aliendelea kushangaa hapo kwa muda, bibi yake akaja kuuliza ni nani amekufa. Kisha akaniambia la kufanya. Karatasi mbaya huwezi kuifuta, alisema, lakini unaweza kuizungushia karatasi nzuri mpaka ibaki peke yake. Tafuta kila mtu aliyewahi kumwandika huyu mama akiwa anamtazama. Na kosa lenyewe lielezwe na mwenye kulifanya, kwa kiapo, jina na sahihi. "Ofisa wa viza anasikia uongo tangu asubuhi," akaniambia. "Ukweli wenye aibu ataujua akiuona."

Nilimtafuta daktari Kajiado akampima Naipanoi meno na mifupa, akaandika kwamba ana kati ya miaka thelathini na miwili na thelathini na sita. Kaka yake alisafiri Rombo akarudi na barua ya chifu, na kitu kingine bora zaidi: kadi ya kliniki, chafu, imekunjwa mara nne, ya mimba ya Nasieku. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameandika pale juu, umri miaka ishirini na sita. Hakuwa na orodha ya marika, alimkadiria kwa macho yake. Nilipoiona ile kadi nililia, na siwezi kusema ilikuwa furaha.

Wakili wa Kajiado ndiye alinishtua tena. Nilimpa maneno yangu nimeyaandika vizuri kwa mkono. Alisoma, akasukuma kiti nyuma.

"Mama, unajua unachotaka kuapa hapa? Unasema ulijaza hati ya serikali kwa kukisia."

"Ndiyo."

"Mtu akiamua kukusumbua na hii, atakusumbua. Tuandike tu kwamba mama alishauriwa vibaya. Jina lako la nini?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nilikuwa na kazi inayotegemea watu kuniamini na karatasi zao. Niseme nini, niliogopa! Nikamwambia tafadhali andika jina langu lote, na uandike na meza ya wanawake. Akagonga muhuri huku akitikisa kichwa.

Siku tuliyorudi ubalozini waliita Naipanoi na mtoto, halafu baada ya dakika chache askari akatoka akaita jina langu. Sikuwa nimewahi kuingia ndani ya ubalozi kabla ya siku hiyo, mimi niliyewapeleka watu miaka yote hiyo. Ofisa alikuwa mwanamume wa makamo, nywele amezilaza kwa mafuta. Alikuwa amepanga karatasi zetu zote mbele yake, moja kando ya nyingine, na anazifuata kwa kidole. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Alimwinamia Nasieku akamuuliza kwa Kiswahili kibovu, "Huyu nani?"

Mtoto alishangaa kwamba mtu mzima anaweza kuuliza hivyo. "Yeyo," akasema, na akajiegemeza pale pale kwenye paja la mama yake kupumzika, kwa sababu kusimama kulikuwa kumemchosha.

Ofisa akarudi kwenye hati yangu ya kiapo. Aliisoma yote, pole pole. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama nilimwona huyu mama usoni siku ile. Nikasema hapana. Akagonga muhuri kwenye pasipoti ya kwanza, akagonga ya pili. Kisha, akizifunga, akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa:

"Na wengine wangapi uliwaandika hivi?"

Nilitazama karatasi zilizo mezani. Unajua mpaka dakika ile sikuwa nimewaza? Nilikuwa nimekimbia huku na huku na mama mmoja na mtoto mmoja, na ile foleni ndefu ya kwenye josho haikunijia kichwani hata mara moja. Siku mbili nzima niliketi pale kwenye josho nikiandika. Naipanoi alinishika mkono akanitoa nje.

Walisafiri. Uwanjani ofisa wa kutokea alitazama pasipoti, akamtazama Naipanoi, akatazama pasipoti tena. "Miaka hamsini na tisa? Mama, unajipaka mafuta gani, nimwambie bibi yangu?" Naipanoi akamnyooshea bahasha yangu yenye kiapo, daktari, chifu na kadi ya kliniki, jinsi tulivyofanya mazoezi, na kadi za manjano juu. Siku za sindano zilikuwa zimetimia zamani. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, nawaona lakini siwasikii, haya ya mafuta nilikuja kusimuliwa. Walipotea kwenye ngazi na mimi nikabaki nimesimama mpaka mfagiaji akaniomba nisogee.

Mtoto alipasuliwa, akapona. Waliporudi, Nasieku alitembea kutoka barabarani hadi mlangoni petu bila kusimama, akaingia, akanionyesha kucha zake zote kumi. Zilikuwa za rangi ya waridi. Nilizishika moja moja kama mtu asiyejua kuhesabu.

Nilimwambia Naipanoi swali la yule ofisa. Nilimwambia silali vizuri. Hakunifariji. Alichukua mtoto wake, wakaenda.

Baada ya majuma matatu nilifika kufungua ofisi asubuhi nikakuta wanawake wameketi kwenye magunia ya chakula cha ng'ombe. Niliwahesabu kumi na mmoja, na Naipanoi mbele yao. Alikuwa amekwenda Rombo, amepita boma kwa boma, amewaleta, wamelala kwa kaka yake wamejazana sakafuni. "Takwenya," nikawasalimu. "Iko," wakaitika wote pamoja. Naipanoi akanionyesha kwa kidole. Akasema kwa Kimaasai kitu ambacho sikukielewa, na wote wakanigeukia kunitazama.

Nilitaka ardhi inimeze. Niliwaingiza, nikawaomba vitambulisho, nikavipanga mezani. Arobaini na tano. Arobaini na tano. Arobaini na tano. Meza nzima! Wanawake wawili walikuwa na watoto wanaonyonya mgongoni. Walipoelezwa hesabu, kwamba kwenye karatasi wao ni wazee wa kukaribia sitini, walipiga makofi wakacheka, wakaanza kuitana nyanya, mmoja akajifanya anatembea na fimbo. Nikapata nguvu kidogo. Nikachukua kalamu nikaanza kuchukua maelezo, mmoja baada ya mwingine, nikimtazama kila mmoja usoni. Kwanza nilimuuliza shida aliyopata na hicho kitambulisho. Wengi hawakuwa nayo bado. Walikuja tu kwa sababu Naipanoi aliwaambia waje.

Wa mwisho hakuwa amecheka. Aliitwa Resiato, mwembamba, sauti ya chini. Aliweka kitambulisho chake mezani, na kando yake akaweka kadi ya kliniki ya mtoto mdogo. Nilifurahi kuiona. Nikamwambia hiyo kadi itatusaidia sana, mtoto yuko wapi, tutahitaji picha yake pia.

Aliongea, Naipanoi akatafsiri. Mwaka uliopita mtoto wake alishikwa na homa na degedege. Kwao, hospitali ya karibu iko ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na wanawake wengine walikuwa wakivuka hapo na watoto wao bila shida. Yeye askari wa mpaka walimsimamisha. Waliangalia kitambulisho, wakaangalia mtoto mgongoni, wakamwambia, nyanya, huyu si wako, huwezi kumtoa nchini hivi hivi, rudi ulete barua ya mama yake mzazi.

Nilisikia vizuri lakini nikauliza tena. "Barua ya nani?"

"Ya mama mzazi."

"Na ukafanya nini?"

Alirudi, Naipanoi akasema. Alitembea kurudi kutafuta mtu anayejua kuandika. Hakumpata mpaka jua lilipokuwa juu kabisa, na mtoto akafia mgongoni akiwa mlangoni kwa huyo mtu.

Kama mnangoja niwaambie nilimwomba msamaha akanisamehe, hakuniambia hivyo na sikuthubutu kumuuliza. Niliweka vidole kwenye taipureta kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuviweka. Nikamuuliza anataka nimwandikie nini sasa, maana hana safari, na mtoto hayupo.

Resiato alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Andika mimi ndiye mama yake."

Nilichapa hiyo kwanza, kabla ya hati za wale wengine wote.